Chai ya Mzee Chelule Iliyoliwa kwa Kijiko

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo huacha ninachofanya nikatulia kidogo. Ni asubuhi ambayo baba mkwe wangu aliletewa kikombe cha chai, akakitazama, akakisukuma kikarudi katikati ya meza kikiwa kimejaa vilevile.

Ili uone uzito wa jambo hilo, nikujulishe mtu mwenyewe. Mzee Chelule alikuwa mkulima wa majani chai kwenye kilima kimoja upande wa Litein. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza pale kilimani kuacha mahindi na kupanda chai, na majirani walimcheka wakisema atawalisha watoto wake majani. Alipalilia, akangoja, na miche ikashika. Kwa hivyo chai kwake haikuwa kinywaji tu. Aliamka nayo, alikaribisha wageni kwayo, na hata mtu akija na ugomvi alipewa kikombe kwanza ndipo akaulizwa shida yake. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa cha bati, kikubwa, na chai aliinywa ikiwa moto wa kumtoa mtu mwingine machozi. Mtu wa namna hiyo akisukuma kikombe, nyumba nzima inanyamaza.

Alikuwa ametoka hospitali. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshindwa, lakini dawa kali alizopewa zilimwachia vidonda mdomoni na kooni. Daktari alitueleza wazi kwamba kilichobaki ni kula. Akila atapata nguvu, asipokula atarudi kitandani na huenda asiinuke tena. Tumpe vitu laini na vya baridi, alisema, visivyo vikali wala vichachu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umevaa koti jeupe. Mursik, yale maziwa yetu ya kulazwa kwenye kibuyu, yalimchoma kwa uchachu wake. Uji uliopoa hakuutaka kabisa, alisema uji baridi ni chakula cha ndama. Kiprono, mtoto wake, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa ameshautoboa mshipi wa Mzee tundu jipya, na sasa hata hilo lilikuwa halifai.

Mimi wakati huo nilikuwa bibi arusi, bado nanukia sabuni ya harusi. Naitwa Moraa. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma majani kwenye shamba kubwa la Kericho, na mimi nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama mkwe wangu kijijini walimwita Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono. Yeye hakujua Kikisii, na Kikipsigis changu, lugha ya kwao, kilitosha kuomba maji na kusalimia. Basi tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja na chake, na penye nia tukaelewana.

Kuna jambo moja zaidi nikuambie, maana bila hilo hutaelewa nilivyohangaika. Kwetu Wakisii mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe ovyo. Hakai naye karibu, haingii chumbani mwake, hamwulizi maswali. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Kwa hivyo Mzee Chelule nilimwona akinyauka kwa mbali, kupitia mlango wa jikoni, na sikuwa na namna ya kumwambia, Baba, nimesikitika.

Lakini nilikuwa na wazo. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa sayansi kimu alitufundisha alasiri moja kutengeneza aiskrimu kwa barafu na chumvi. Nilikumbuka jinsi ile baridi ilivyoteremka kooni yenyewe, bila mtu kujilazimisha kumeza. Nikamwambia Kiprono, naweza kumtengenezea Mzee kitu atakachokula. Kiprono alinitazama kama mtu anayetaka kuamini.

Sasa hapa, mwanangu, nisikilize vizuri, kwa sababu nilifanya kile ambacho kijana yeyote mwenye nia njema na haraka hufanya. Nilikimbilia duka. Nilishuka Litein nikazunguka nikiuliza watu wa mjini hutumia nini. Nikarudi na maziwa mazito ya mkebe, unga wa kastadi, na kichupa cha ladha ya stroberi chenye picha ya tunda ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuliona shambani. Na juu ya hayo nilinunua ndoo ndogo ya plastiki ya rangi ya waridi yenye kifuniko, si kwa sababu ilifaa bali kwa sababu ilipendeza. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda hicho nilikibeba mkononi kutoka sokoni nikitabasamu.

Barafu ilitoka Sotik. Pale sokoni kulikuwa na Mama Nyaboke, muuza samaki, mtu wa kwetu, ambaye samaki wake walikuja kutoka ziwani wakiwa wamelazwa katika vipande vya barafu. Enzi hizo stima ilikuwa haijafika kilimani kwetu, friji tuliiona tu kwenye duka la soda. Mama Nyaboke alinigawia, na Kiprono akaileta nyumbani kwenye gunia lenye unga wa mbao, juu ya lori la maziwa.

Nikachanganya mambo yangu. Mchanganyiko nikauweka ndani ya ile ndoo ya plastiki, na ndoo nikaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye barafu na chumvi. Ukiwa na jicho la mpishi umeshaona kosa. Plastiki haipitishi baridi, na sufuria hula barafu upesi kwa sababu inavuta joto la nje. Nilikuwa nimevipanga vyombo kinyume, cha ndani nje na cha nje ndani. Nilizungusha mpaka mabega yakakataa. Barafu ikaisha, na ndani ya ndoo kukawa na uji mwekundu unaonukia manukato. Kifuniko nacho hakikubana, kwa hiyo maji ya chumvi yaliingia, na maji yenyewe yalikuwa na habari za samaki.

Hata hivyo nilitia kwenye bakuli. Matumaini ya kijana hayaoni haya. Mama mkwe akaipeleka ndani, mimi nikasimama nje ya ukuta wa jikoni nikisikiliza. Nilisikia kijiko. Kisha Mzee Chelule akasema neno moja tu, polepole, na neno lile halikuhitaji mkalimani.

"Sabuni."

Jioni ile sikula. Mama mkwe alikuja akanikuta nimekaa kwenye gogo karibu na zizi, akiwa na kibuyu chake na kigoda cha kukamia. Hakunisemesha mpaka alipokaa chini ya ng'ombe wetu mdogo wa kahawia na maziwa yakaanza kulia kwenye chombo. Ndipo akaanza, bila kugeuza kichwa.

"Moraa, hii ng'ombe inatoa maziwa?"

"Inatoa, Mama."

"Na kuku ya hapa inataga?"

"Inataga."

"Sasa wewe ulipita ng'ombe kwa mlango, ukapita kuku kwa uwanja, ukaenda kununua maziwa iko ndani ya mkebe. Sikatai. Pengine ile ya mkebe ni tamu kwa wenyewe. Lakini niambie kitu moja. Ulifika kwa duka ukauliza wako na nini. Mzee ulimuuliza anatamani nini?"

Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi siwezi kumwuliza Mzee."

"Najua. Na mimi bibi yake naweza. Si ungenituma?"

Kuna makaripio yanayopigiwa kelele, hayo husahaulika kabla ya jua kuzama. Lile lilisemwa kwa upole katikati ya kukama, na sijawahi kupika chochote tangu siku ile bila kulisikia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nilikuwa nimeuliza kila mtu isipokuwa yule mwenye njaa.

Mama alimaliza kukama, akafunika kibuyu chake. "Basi mimi nimemuuliza," akasema. "Amesema anataka chai."

"Chai itamchoma."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe unajua mambo ya baridi. Mimi najua maziwa. Kesho tukae pamoja."

Nilitamani kumkumbatia, lakini siku hizo hatukukumbatiana na mama mkwe. Nilimchukulia kigoda.

Kesho yake tulianza kuchagua, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuchagua ni nusu ya kupika. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa mkubwa mwenye madoa meusi na meupe, aliyejaza ndoo asubuhi na jioni. Wa pili ni yule mdogo wa kahawia aliyetolewa Kipkelion, ambaye maziwa yake yalikuwa kidogo lakini yakilala, juu hutanda krimu ya rangi ya siagi. Mama alisema mkubwa ni wa lori la maziwa na mdogo ni wa sufuria. Tena hakuchukua maziwa yote ya yule mdogo. Ya mwanzo aliyaweka kando, akachukua yale ya mwisho, yanayotoka chuchu ikiwa karibu kukauka, akisema ndiyo yenye mafuta. Tukayachemsha vizuri, tukayafunika yakalala mahali pa baridi, na asubuhi tukaengua krimu.

Majani chai nayo yalikuwa na maneno yake. Mimi nilikuwa nimezoea ile chai ya vumbi inayotoa rangi mara tu ikigusa maji. Mama akaikataa, akaenda kutoa kwenye kopo lake ile ya punje kubwa ambayo Mzee mwenyewe hupenda. Mara ya kwanza niliichemsha na maziwa kama tunavyopika chai kila siku, ikawa chungu. Mama akaonja, akasema uchungu huu utaingia kwenye kidonda. Mara ya pili tukaepua maziwa kwanza, tukatia majani, tukafunika, tukangoja. Yakatoa ladha bila kutoa ukali. Tukachuja kwa kitambaa cheupe, si kwa chujio la mashimo makubwa, maana punje moja ya jani kwenye ulimi wenye kidonda ni kama mchanga kwenye jicho.

Halafu viini vya mayai ya kuku wa uani, tukavipiga na sukari, tukavimimina katika ile chai ya maziwa juu ya moto mdogo, tukikoroga kwa mwiko bila kuondoka. Ukiondoka, mayai yanakuwa mayai ya kukaanga. Rojo ikianza kushika mgongo wa mwiko, unaepua na kutia ile krimu. Kuhusu sukari tulibishana, na ubishi ule ulikuwa mtamu. Mimi nilijua kutoka shuleni kwamba baridi huficha utamu, kwa hiyo mchanganyiko lazima uwe mtamu kidogo kuzidi chai ya kawaida. Nilijua pia sukari ikizidi haitaganda, na ikipungua itakuwa jiwe. Mama akasema, "Sawa, wewe sema kipimo, ulimi yangu itaamua." Ikawa hivyo.

Vyombo tukavipanga upya. Cha ndani kikawa mkebe wa bati jembamba uliokuwa wa mafuta ya kupikia, wenye kifuniko kinachobana mpaka ukifungue kwa mpini wa kijiko. Cha nje kikawa ndoo ya plastiki, kubwa kuliko ile niliyonunua, tukaivika gunia na maganda makavu ya mahindi ili joto la nje lisiingie. Chumvi tukachukua ile ya mawe wanayolamba ng'ombe, kwa sababu ile laini ya mezani huyeyuka kabla haijafanya kazi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa barafu. Siku ya soko Sotik ilikuwa bado, na Mzee asubuhi ile alikuwa amekataa hata maji.

Wewe uliyezaliwa kwetu unajua kwamba mvua ya mawe Kericho haipigi hodi. Alasiri ile mawingu yalitoka upande wa msitu yakiwa na rangi ya chungu, na kabla hatujaingiza nguo ndani, mawe yakaanza kupiga mabati. Yalipiga mpaka hatukusikiana. Kiprono alisimama mlangoni akitazama shamba. Majani machanga yaliyokuwa tayari kuchumwa yalikuwa yakichanika mbele ya macho yake, na hakuna mtu anayeweza kuweka mkono kati ya jani na jiwe. Mimi nilifikiri juu ya Mzee chumbani. Alikuwa hajaliona shamba lake tangu aende hospitali, na sasa alikuwa amelala akisikia linavyopigwa.

Mawe yalipopungua, Mama alijifunga shuka kichwani, akachukua karai na koleo.

"Mama, unaenda wapi?" Kiprono akauliza.

"Majani tumepoteza," akasema. "Barafu tusipoteze."

Akatoka. Nikamfuata. Nyuma ya nyumba, mahali mabati yanapomwaga, mawe yalikuwa yamelundikana mpaka kwenye goti. Tulizoa kwa mikono na kwa koleo, vidole vikafa ganzi, na jirani yetu aliyekuwa amesimama ng'ambo ya ua ameshika shavu kwa ajili ya chai yake alitutazama kama watu walioingiwa na wazimu wa huzuni. Mama alimsalimia, akaendelea kuzoa.

Tukapanga ndani ya ndoo, mawe kisha chumvi, mawe kisha chumvi, na mkebe katikati. Kifuniko tukakipaka mafuta kwenye ukingo na kukifunga kwa mpira ili hata tone moja la maji ya chumvi lisipite. Kiprono alikuja bila kuitwa, akachutama, akaushika ule mkebe akaanza kuusokota huku na huku. Nadhani hasira yake yote juu ya majani iliingia mikononi. Kila baada ya muda nilifungua, nikakwangua kando kwa mwiko wa mbao na kurudisha katikati, maana kinachoganda kwanza ni kile kilichogusa bati. Mkebe ukaota sakitu nje, ule utando wa barafu mweupe kama unga. Nilipofungua mara ya mwisho, mwiko ulisimama wenyewe.

Rangi yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Harufu yake ilikuwa harufu ya nyumba ile asubuhi.

Mama akatia kwenye bakuli akaingia. Mimi na Kiprono tukabaki nje ya ukuta, na yeye akawa ananifasiria kwa mnong'ono. Mzee aliuliza kwanza habari ya shamba. Mama hakumdanganya, alimwambia majani yamepigwa yote ya upande wa juu. Kisha Mama akamwambia, onja.

Kijiko kikagusa bakuli. Kikagusa tena. Na tena. Nilikuwa nimeushika mkono wa Kiprono nikiuminya bila kujua.

Ndipo Mzee Chelule akapaza sauti, na hakupaza kwa Kikipsigis. Aligeukia Kiswahili ili mimi niliye nje nisikie mwenyewe.

"Moraa."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nikajibu, "Naam, Baba."

"Hii ni chai."

"Ndiyo, Baba."

"Umegandisha na nini?"

Niliogopa kumjibu, lakini uongo haukuwa na mahali pa kukaa. "Na ile mvua ya mawe, Baba."

Kiprono aliinamisha kichwa. Kisha tukasikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aende hospitali. Mzee alikuwa akicheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye vidonda mdomoni, kinachotokea puani.

"Imeharibu majani yangu," akasema, "basi wacha inipikie chai. Ongeza."

Mama alitoka na bakuli tupu. Alinipa, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Niliongeza.

Yale mawe mengine tuliyafukia kwenye gunia na maganda ya mahindi, yakadumu mpaka kesho yake. Baadaye tukategemea barafu ya Mama Nyaboke, ambayo safari hii niliiosha kwanza, na mkebe ukiwa umefungwa sawasawa samaki hawakuingia tena. Mzee alikula kidogo kila siku, mayai na maziwa yakiingia mwilini bila yeye kujilazimisha. Vidonda vikafunga. Siku moja tulimkuta ametoka na fimbo, anatembea kati ya mistari ya chai akikata matawi yaliyovunjika. Ile michai ilichipua upya, na yeye alichuma kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka mingi baada ya hapo. Alirudia kikombe cha bati, ingawa alijifunza kungoja chai ipoe kidogo. Na kila mvua ya mawe ilipoanguka, alikuwa akiita kutoka barazani kwamba Moraa achukue karai.

Mama mkwe wangu naye tulipika pamoja hadi alipozeeka. Wanawake wa kilimani walikuja kujifunza, wa Kipsigis na wa Kisii, wakakaa kwenye jiko moja wakibishana juu ya sukari. Alipolala mara ya mwisho, mimi ndiye niliyekuwa kando yake.

Siku hizi, mwanangu, stima iko, friza iko, na kwenye simu yako kuna mashine zinazong'aa za kila namna. Unaniuliza ununue ipi. Nami nakujibu kama nilivyojibiwa zizini: umeshamwuliza atakayekula? Ukijua unamtengenezea nani, utajua cha kununua na cha kuacha. Mtoto anataka utamu, mgonjwa anataka ulaini, mzee asiye na meno hataki njugu ndani, na kuna mtu maziwa humkata tumbo, huyo mpikie kwa matunda. Anza hapo.

Kisha angalia kilicho mlangoni kwako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Maziwa mazima kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe mzuri, yakichemshwa vizuri, yatashinda ya pakiti yaliyotolewa mafuta. Onja kila kitu peke yake kabla hujakichanganya, maana baridi haifichi ubaya wa kitu, huuhifadhi tu. Chagua ladha ambayo watu wako wanaijua, ndizi iliyoiva, asali, chai, halafu hizo za vichupa utazijaribu ukipenda, mimi sizuii.

Mashine usiinunue mwanzoni. Tengeneza kwanza kwa bakuli pana la bati ndani ya friza, ulitoe mara kwa mara na kuukwangua mchanganyiko kwa uma mpaka ulainike. Ukiona mkono umechoka na watu bado wanaomba, hapo utajua unahitaji mashine. Ile ya bakuli linalogandishwa kwanza ni nyepesi na bei yake si mbaya, lakini pima kwanza kama bakuli lake linaingia kwenye friza yako, na kama stima ya kwenu haipotei siku nzima. Ile inayojigandishia yenyewe ni nzito na ni ghali, hiyo ni ya mtu anayeuza. Ya kuzungusha kwa mkono inataka barafu, chumvi ya mawe na watu wawili wasiogombana. Yoyote utakayochukua, hakikisha kinachogusa mchanganyiko ni chuma au bati jembamba, kinachozuia joto la nje ni plastiki au mbao, na kifuniko kinabana. Nami ndoo yangu ya waridi niliishia kuitumia kuwekea mayai.

Lakini hata ukisahau habari ya vyombo, hili lishike. Mtu akikataa chakula chako, usikasirike wala usilie kwenye gogo. Tuma anayeweza kumwuliza, au umwulize mwenyewe kwa adabu, kisha urudi jikoni na anayejua usichokijua. Huenda anachotaka ni kile alichokizoea, kimebadilishwa kidogo tu ili kiweze kupita kooni.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyo na pupa na ulimi unaojua kuuliza. Akupe jiko lisilokosa maziwa na majirani wa kuonja, na kila anayeketi kwenye meza yako ainuke akiwa na nguvu kuliko alivyokaa.